Chai ya Chumvi

Ukungu wa nyanda za juu ulikuwa umeifunika stesheni ya Makutano, ule ukungu unaomfanya mtu atafute moto kabla hajatafuta salamu. Treni ya kusini ilikuwa imetulia juu ya reli yake ya sumaku bila kugusa chini, ikisubiri mitambo ipoe, na abiria wake walikuwa wamejazana mgahawani kwa Skola kama kuku wanaokimbia mvua.

Skolastika Ngonyani aliuza chai na maandazi. Waliomjua walisema anauza maneno, chai ni nyongeza tu. Mdomo wake haukuwa na likizo. Kila asubuhi, kabla hajaja kazini, alikaa kitandani na mwanawe Faraja, aliyekuwa ndiyo kwanza anajaribu kusema, akimwimbisha: "Ma-ma. Sema, ma-ma." Mtoto alikuwa amefika kwenye "ma" ya kwanza na kugoma hapo. Skola hakuwa na haraka. Alimkabidhi kwa dada yake Editha, akashuka stesheni akiimba.

Juu ya kaunta yake, kati ya bei za maandazi na picha ya Papa, palikuwa na Sikio. Kila mahali palipouzwa chakula palikuwa na moja, kijidude cha shaba kama kisosi, chenye taa ndogo ya kijani katikati. Masikio yote ya wilaya yalitumia ubongo mmoja, uliofukiwa chini ya jengo la Kikosi cha Utulivu, na ubongo huo ulipima maneno na pumzi za watu. Ukisikia shambulio, milango inajifunga na askari wanatumwa kabla mtu hajamaliza kupiga yowe.

Skola hakulichukia Sikio, na hili lazima lisemwe mapema. Mwaka uliotangulia shemeji yake alimfuata Editha dukani akiwa na panga. Hakukuwa na jirani wala mpita njia. Sikio ndilo lililosikia, na panga halikushuka. Tangu siku hiyo Skola alilipangusa vumbi Sikio lake kila asubuhi kwa kitambaa safi, na wakati mwingine alilisalimu.

Asubuhi hiyo alipangusa na makopo pia. Alikuwa nayo mawili yanayofanana, la sukari likikaa kushoto na la chumvi kulia. Akayarudisha kinyume. Kosa lote ndilo hilo. Likumbuke, msomaji, maana muda si mrefu utalitafuta na hutaliona kwa wingi wa buti.

Akaingia mzee mmoja mrefu mwenye koti zito la sufu, akaomba chai ya rangi, tamu.

"Unatoka wapi, babu?" Skola alimwuliza akimtilia vijiko vitatu vilivyojaa.

"Iringa. Naitwa Kikoti. Naenda msibani Songea." Kisha macho ya mzee yakatua kwenye jina lililoshonwa kifuani kwa Skola. "Lahaula! Ngonyani? Kumbe nimeingia kwenye boma la maadui!"

"Kaa tu, Mhehe. Waliokimbia vita hatuwadai nauli."

"Nani alikimbia? Babu yako alikimbia mpaka akasahau mguu mmoja njiani!"

Watu wakacheka. Ugeni ulikuwa umekwisha. Mababu wa hawa wawili walipigana mpaka wakachoka, wakaona vita havina faida, wakawaachia wajukuu utani. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, anakutishia kifo mbele ya wakwe zako, nawe huruhusiwi kununa. Akinuna mmoja, aibu ni yake na ya ukoo wake.

Mzee Kikoti akapiga funda moja. Uso ukamkunjamana wote, akaitema chai sakafuni.

"Mngoni wewe! Umenitilia sumu! Mikuki ya babu zenu ilishindwa kutumaliza, sasa mnatumaliza kwa chai!"

Skola akatazama makopo, akaelewa papo hapo. Kwa mteja mwingine yeyote angeomba radhi na kumwaga kile kikombe. Lakini kumwomba radhi mtani kabla hujamjibu ni kumkosea mara ya pili. Akashika kiuno.

"Ndiyo, nimekutilia! Ulidhani nitakuacha ufike? Kufa upesi, babu, ng'ombe wako wananisubiri!"

"Sifi mpaka nikuzike wewe, tena bila sanda!"

Mgahawa mzima ulikuwa unacheka taa ilipogeuka nyekundu.

"Shambulio kwa sumu," likasema Sikio kwa sauti yake ya upole. "Kukiri kumesikika. Tishio la kuua limesikika. Tulieni, msaada unakuja."

*

Msaada ulikuja kupitia mlangoni, dirishani na darini. Milango ya chuma ilishuka kwa kishindo, kisha ikafunguka kwa kiasi cha kupitisha askari mmoja mmoja, wakaingia na kofia zao nyeusi zisizoonyesha uso. Vijindege vya doria vilivunja kioo cha juu vikaanza kuzunguka juu ya vichwa vya watu vikipiga picha. "Chini! Chini wote!" Akina mama waliokuwa na watoto mgongoni walilala kifudifudi kwenye chai iliyomwagika. Mzee Kikoti, ambaye kwa mujibu wa Sikio ndiye aliyelishwa sumu, alikandamizwa goti mgongoni mpaka koti lake likapasuka bega. Karai la maandazi lilifungwa ndani ya mfuko usiopenya risasi. Andazi moja lililobingirika lilizungushiwa utepe wa manjano. Askari mmoja alisimama mbele ya kikombe cha chai, bunduki mkononi, akikilinda kisitoroke.

Nje, treni ilizuiwa. Reli zote zinazokutana pale zikafungwa.

Aliyeingia mwisho alikuwa Inspekta Elinihaki Mbwambo, mwembamba, aliyenyooshwa kuanzia sare mpaka uso. Hakupiga kelele. Skola alimwogopa zaidi kwa sababu hiyo.

"Afande, ni chumvi," alisema kutoka sakafuni. "Nilichanganya makopo. Kikombe kile pale. Onja tu."

"Kielelezo hakionjwi."

"Sasa mtajuaje?"

"Kitapelekwa maabara ya makao makuu."

"Majibu yatatoka lini?"

"Yatakapotoka." Inspekta aliangalia milango ya chuma. "Jalada likifunguliwa na Sikio halifungwi bila mkosaji, na milango hii haifunguki mpaka jalada lifungwe. Sikutunga mimi. Inuka."

*

Alimpeleka stoo, kati ya magunia ya unga na mitungi ya gesi, akaweka juu ya gunia pete nene ya chuma cha kijivu. Skola aliijua, kila mtu aliijua. Kwenye nyaraka iliitwa kidhibiti cha sauti, mitaani iliitwa kufuli. Huvishwa shingoni. Nyuzi za koo zikianza kutikisika, pete hutuma ubaridi unaozigandisha, na neno linafia humo humo. Haiumi sana, walisema waliowahi kuivaa, lakini walisema hivyo kwa kuandika. Adhabu ya lugha ya mauaji ilikuwa mwaka mmoja.

"Mmoja wenu ataivaa," alisema Inspekta. "Wewe ulikiri. Ila mzee ndiye aliyeanza maneno. Ukisema uliingiwa hofu na kujibu kwa kuchokozwa, sheria inakuachia wewe na kumgeukia yeye."

"Mzee wa watu?"

"Mzee anayeishi peke yake, nimeangalia. Ataongea na nani? Wewe una mtoto."

Hapo ndipo Skola alipoumia. Mwaka mmoja. Faraja angesimama, angetembea, angeyakusanya maneno ya dunia nzima kutoka vinywa vya watu wengine, na mama yake angekuwa anapiga makofi tu kumwita, kama anayefukuza ndege. Angelala bila wimbo. Ile "ma" ya pili angeisikia mtu mwingine. Skola alilia, wala hakujificha. Sentensi iliyotakiwa ilikuwa fupi, "Yeye ndiye aliyeanza," tena ilikuwa kweli. Ilifika kwenye meno, ikakaa hapo.

Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao nyembamba. Upande wa pili askari mwingine alikuwa akimpa mzee biashara hiyo hiyo.

"Andika basi," ilisikika sauti ya Mzee Kikoti. "Babu yake aliiba mbuzi wa babu yangu. Andika na rangi ya mbuzi, alikuwa mweusi."

"Mzee, nauliza habari ya sumu. Mtaje yeye, upande treni yako."

"Sasa, mwanangu, sikiliza. Nikimtaja kwa kweli nitakuwa nimenuna. Mimi sijawahi kununa mbele ya Mngoni. Huko Songea amelala rafiki yangu Gama, Mngoni kama huyu, tumetukanana maisha yetu yote. Mimi ndiye wa kushuka kwenye kaburi lake, nilale humo, niwakatalie wasimzike mpaka nimtukane mara ya mwisho na watu wacheke. Bila hivyo anazikwa kama mtu asiye na mtani. Lakini nitamtukana kwa mdomo upi, kama mdomo wenyewe nimeununua kwa kumuuza mjukuu wake?"

Skola alifuta uso kwa aproni. Bado aliogopa, lakini ile sentensi haikuwa tena kwenye meno.

"Sina la kumshitaki," alisema.

"Basi ni wewe."

"Basi ni mimi."

Inspekta alimtazama kwa muda, kama anayengoja abadilishe mawazo. Kisha akachukua ile pete.

*

Sheria ilitaka kufuli livishwe mbele ya watu, ili wajifunze. Abiria waliruhusiwa kukaa. Walipomwona Skola akitembea mbele na pete mkononi mwa Inspekta, mgahawa ulinung'unika, na mwanamke mmoja mnene mwenye kitenge cha zambarau akasimama. Alikuwa mfanyabiashara wa kahawa kutoka Moshi, Mama Kavishe.

"Jamani, tuko wengi humu! Kila mtu amtafute mtani wake amtishie kifo! Lifungue majalada mpaka lipasuke!"

Watu wakachangamka. Mnyamwezi mmoja alikuwa ameshamgeukia Mzaramo, ameshavuta pumzi.

"Hapana!" Skola alipaza sauti. "Naombeni, hapana!"

Wakamshangaa.

"Lina ubongo mmoja kwa wilaya nzima. Tukilijaza mzaha wetu hapa, kuna mtu mahali fulani saa hii anapiga yowe la kweli na hatasikika. Mwaka jana alikuwa dada yangu. Angekuwa marehemu." Sauti ilimkatika, akaikamata tena. "Sitaki niokolewe kwa shingo ya mtu nisiyemjua."

Mnyamwezi akashusha pumzi yake bila kuitumia. Skola akamgeukia Inspekta, na kwa kuwa alijua huenda hayo ni maneno yake ya mwisho kwa mwaka mzima, aliyasema vizuri.

"Afande, mimi sina ugomvi na Sikio. Limesikia sawasawa, kila neno tulilisema. Kazi yake ni kusikia na kuita mtu. Limekuita wewe. Sasa wewe umekuja kufanya nini ambacho lenyewe haliwezi?"

Inspekta Mbwambo alikuwa ameshaielekeza pete shingoni kwake. Mkono wenye pete ulibaki hewani. Alikuwa amefanya kazi ile miaka mingi na swali hilo halikuwa kwenye mafunzo.

Ndipo Mama Kavishe, ambaye alikuwa bado amesimama, alipoinamisha kichwa kusoma jina kwenye sare.

"Mbwambo," alisema polepole, kama anayeonja pipi. "Mpare?"

"Kaa chini, mama."

"Nilijua! Kwao mtu huuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Huyu kauza treni nzima kwa kesi ya kikombe! Ungeambiwa na andazi lina wakili, baba, ungehamia hapa!"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Askari waligeuza kofia zao kumwangalia mkuu wao. Masikio ya Inspekta yalikuwa yamewaka. Tangu avae sare, mtu wa mwisho kumtania alikuwa shangazi mmoja wa Kichaga, jirani yao kule Same, aliyekuwa akimwita mume wake na kumdai mahari. Kona ya mdomo ilimcheza. Aliibana. Ikamcheza tena, na safari hii jibu likamponyoka.

"Wewe Mchaga, nyamaza kabla sijakufukia hapa hapa! Ingawa najua hata kaburini utafungua duka!"

Kicheko kilichopasuka kilitikisa vikombe. Mama Kavishe alipiga makofi, machozi yakimtoka. Taa ikawa nyekundu.

"Tishio la kuua limesikika," likasema Sikio kwa upole ule ule. "Mtuhumiwa, Inspekta Elinihaki Mbwambo. Tulieni, msaada upo."

Kicheko kilikatika. Bunduki zote zilizokuwa ndani zikageuka, kwa sababu kofia ziliamriwa na Sikio na mikono ilishazoea kutii kofia. Aliyekuwa akilinda kikombe, Koplo Zakia Mdoe, alisema kwa sauti ya kubanwa, "Afande… naomba ulale chini."

Inspekta alitazama mitutu, akaitazama pete mkononi mwake. Kisha akamtazama Mama Kavishe.

"Mama, una malalamiko juu yangu?"

"Nilalamike nini? Mtani wangu kanijibu. Tena kanijibu vizuri, sikutegemea kwa Mpare."

Akapumua. Kulikuwa na kifungu kimoja ambacho kila afisa alikijua na hakuna aliyewahi kukitumia. Afisa wa cheo chochote aliweza kufunga jalada bila mkosaji, kwa sikio lake mwenyewe na kwa jina lake. Madhara yakitokea baadaye, kufuli ni la shingo yake. Ndiyo maana kifungu kilikuwa kimelala muda wote huo. Ni rahisi zaidi kutii taa.

"Koplo, niletee kile kikombe."

"Afande, kielelezo hakionjwi."

"Najua. Lete."

Koplo Zakia alisita, akaning'iniza bunduki begani, akakileta kwa mikono miwili. Inspekta alikiangalia. Kama yule mwanamke alikuwa muuaji, hapo ndipo angejulikana, na Skola aliona kuwa mtu huyu naye anaogopa, kwamba koo lake linapanda na kushuka kama la mtu yeyote. Akanywa. Akanywa mpaka akakiinamisha.

Uso ulionyooshwa ulikunjamana wote.

"Chumvi," alisema kwa shida. "Tena kwa ukatili."

Akainua kichwa kuelekea kile kisosi cha shaba. "Mimi, Inspekta Elinihaki Mbwambo, nimekuja, nimeuliza, nimeonja. Huyu na yule mzee ni watani. Hakuna mkosaji. Jalada lifungwe kwa jina langu."

"Limefungwa kwa jina lako," likasema Sikio. "Jalada lako mwenyewe huwezi kulifunga."

Ilikuwa kweli. Inspekta akaanza kupiga magoti taratibu, mikono juu. Koplo Zakia alimwangalia akishuka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna askari aliyewahi kulifanya kazini pale Makutano. Alivua kofia. Ndani yake alikuwamo msichana mwenye jasho puani.

"Mimi, Koplo Zakia Mdoe," alisema, "nimesikia kwa sikio langu. Nilitaka kucheka na mimi. Jalada lifungwe kwa jina langu."

Taa ikarudi kijani. Milango ya chuma ikapanda yote kwa pamoja, ukungu ukaingia, mwanga ukaingia, na watu wakapiga vigelegele mpaka dereva wa treni akatoka kuuliza kuna harusi ya nani. Skola aliushika ubao wa kaunta kwa mikono yote miwili na kucheka huku analia. Inspekta alikuwa bado amepiga magoti. Mama Kavishe ndiye aliyemwinua, akimwambia Mpare hapigi magoti bure, lazima kuna kitu kimemdondokea.

*

Treni ilikuwa inaanza kuvuma. Skola alimkimbilia Mzee Kikoti na chupa ya chai, sukari aliionja mwenyewe kwanza. Alikuwa amemshonea bega la koti kwa haraka, kwa uzi mweupe usiofanana na koti.

"Babu, ile chai. Kwa kweli, naomba radhi."

"Usiniombe radhi, utaniua kweli." Mzee aliipokea chupa. Macho yalikuwa yamemlowa, akayaacha hivyo. "Nilikusikia ukutani, binti. Ulisema 'basi ni mimi.' Nitamwambia Gama."

Akapanda. Alipofika dirishani alitoa kichwa chote nje, koti jeusi na mshono mweupe, akapaza sauti ya kutosha stesheni nzima.

"Nikirudi nikukute umekufa, Mngoni!"

Ndani ya mgahawa taa iliwaka nyekundu. Skola aliiona kupitia mlango uliokuwa wazi. Aliona pia kuwa Koplo Zakia amesimama chini yake, kofia kwapani, andazi mkononi, akitikisa kichwa.

"Koplo Zakia Mdoe," msichana aliliambia Sikio, mdomo umejaa. "Nimesikia. Ni mtani wake."

Kijani.

Basi Skola akajaza kifua ubaridi wote wa nyanda za juu. Alilifungua koo lake, lililokuwa lake bado, ambalo jioni lingemwimbia Faraja hata kama atagoma kwenye "ma" ile ile moja, akaita kwa nguvu zake zote.

"Tangulia wewe, Mhehe! Ukifika kaburini mwambie babu yangu nimekutuma, wewe ni mtumwa wake, akupokee vizuri!"

Treni ilipotea ukunguni ikiwa bado inamjibu.